Mlango wa Mbele

"Leo wageni wa wapi?" Alcide aliuliza.

Marcelline alikuwa mbele ya kioo cha bafuni akijifunga aproni. Haikuwa yake. Ilikuwa ya mistari ya buluu na nyeupe, amepewa na watu wa mradi wa kukarabati nyumba yao, maana walisema ndiyo iliyovaliwa na wake wa wachimba makaa zamani. Marcelline alikuwa ameolewa na mchimba makaa tangu ujana wake na aproni kama ile hajapata kuiona hata kwa jirani.

"Wahispania, nadhani. Na Wajerumani kidogo."

"Wanapita mlango gani?"

Akajua swali linakoelekea. Akajifanya anatafuta kibanio cha nywele.

"Mama Nadège, nakuuliza. Wanapita mlango gani?"

"Wa mbele. Si nilikwambia juzi? Ndio walioukuta wazi, basi wanapita huo huo."

Alcide akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikamkunja kwenye kiti mpaka mrija wa oksijeni ukachomoka puani. Marcelline akaurudisha, akamshika mgongo, akangoja. Mgongo wa yule mtu, ambao zamani ulibeba magogo ya kushikilia paa la mgodi, sasa ulikuwa mifupa tu ndani ya sweta.

"Wajerumani," alisema alipopata pumzi. "Wajerumani wanapita mlango wangu wa mbele wazima wazima, mimi mwenyewe sijaupita."

"Na usiupite upesi."

"Lakini nitaupita, sivyo? Niahidi. Nisitolewe kwenye hili kabati la ghorofa ya nne, nikashushwa na lifti kama friji bovu."

"Tutarudi kabla hujafikiria hayo. Wamesema kabla majani hayajaanguka."

"Niahidi, mke wangu."

"Nimekuahidi," alisema Marcelline, akafanya ishara ya msalaba, kwa kuwa yeye hakuwa mtu wa kuahidi ovyo.

Katika safu zile za matofali mekundu, chini ya kilima cheusi cha taka za mgodi, mtu hupita nyuma. Mume akitoka shimoni hupita nyuma. Jirani anayekuja kuazima mayai hupita nyuma, na daktari pia. Mlango wa mbele hufunguliwa kwa bibi harusi anapoingia, kwa padri anapoleta Komunyo ya mgonjwa, na kwa jeneza linapotoka. Chumba kilicho nyuma ya mlango huo hufagiliwa kila Jumamosi, na hakuna anayekaa humo. Watoto wa safu zile hujua hivyo kabla ya kujua kusoma.

*

Nyumba yao ilikuwa imegeuka nyumba ya mfano. Miji saba ya Ulaya, yote iliyoachwa na viwanda na migodi, ilikuwa imeshikana mikono ili ifundishane namna ya kufufua mitaa yake bila kuharibu hewa wala ardhi, na mji wao ulichagua nyumba moja ya kuonyesha. Nyumba za safu zote zilikuwa za manispaa, na walichagua ya Marcelline kwa sababu ilikuwa safi. Odile, jirani wa ukuta mmoja, alipopata habari alisema, "Unaona, shoga, faida ya uchafu? Mimi bado nalala kwangu."

Marcelline alikubali kwa ajili ya kifua cha mumewe. Ukuta wa chumba chao cha kulala ulikuwa ukitoa jasho tangu Oktoba hadi Aprili, na Alcide akavuta unyevu ule juu ya vumbi la makaa alilokwisha kuvuta. Walipomwambia kuta zitavalishwa kama mtoto anavyovalishwa koti, na kwamba watakaa kwenye fleti miezi sita tu, alikwenda kanisani akawasha mshumaa.

Siku ile alipita nyuma kama kawaida, kwa ufunguo aliopewa wa kuingilia kufanya usafi. Coralie wa ofisi ya mradi alikuwa ameshafika, anapanga vikombe. Alikuwa msichana mwembamba, mwenye adabu, mwenye haraka.

"Mama Marcelline, kwa nini unazunguka uani kila siku? Matope yote yale! Pita mbele kama watu."

"Nimezoea, binti."

"Halafu, samahani, wale njiwa wa mumeo wamerudi tena. Wako juu ya paneli za sola. Wanachafua, umeme unapungua."

"Banda lao mlilivunja. Tukawapa kaka yake Odile, ng'ambo ya mfereji. Sasa njiwa ukimpa mtu, nani atamweleza njiwa?"

Coralie alitabasamu kwa namna ya mtu anayepanga kulizungumza jambo baadaye.

Wageni wakaingia kwa mlango wa mbele, wakijifuta viatu, wakisema neno moja moja la Kifaransa. Marcelline alimimina kahawa iliyochanganywa na mzizi wa chikori na kukata keki ya sukari. Wakagusa kuta. Wakagusa meza. Mwanamke mmoja akagusa aproni, akaipiga picha bila kupiga uso. Coralie akaeleza, mkalimani akafuata, kwamba zamani palikuwa na ukuta hapa, na nyuma ya ukuta chumba kilichokuwa kimekaa bure kabisa, mita za mraba kumi na mbili zinapashwa moto kwa ajili ya nani? Sasa jikoni na sebule ni kitu kimoja, mwanga unapita, watu wanaonana.

"Na familia wanasemaje?" mgeni mmoja akauliza.

"Familia ndiyo iliyotuambia hawakitumii," alisema Coralie, akamgeukia Marcelline kwa furaha. "Sivyo, mama?"

"Ndivyo," alisema Marcelline.

Ndivyo, kwa maana ndivyo alivyosema. Coralie alikuwa amekaa jikoni kwao, Alcide yuko pembeni anakohoa, akauliza: na chumba cha mbele, mnakitumia kufanyia nini? Marcelline alitazama chini. Angesema nini? Kwamba hapo ndipo alipolazwa kabla ya kuzikwa mama mkwe, na baba mkwe, na yule mtoto wao wa kwanza ambaye hakumaliza juma? Kwamba kinamngoja huyo hapo anayekohoa? Kulitaja jambo ni kuliita. Hakuna mwanamke wa safu zile ambaye angelitaja. Akasema, "Hatukitumii, binti." Akadhani kila mtu anajua maana yake.

Wageni walipoondoka alikuta sarafu ya yuro mbili kwenye kisahani. Mtu alidhani yeye ni mhudumu. Aliitazama muda mrefu, kisha akaiweka mfukoni mwa ile aproni, apate kuipeleka kwenye sanduku la maskini Jumapili.

Jioni alimwambia Alcide habari ya njiwa tu.

"Wamerudi?" Macho ya mzee yakang'aa. "Banda halipo na wamerudi?"

"Wamekaa juu ya sola. Wanaharibu."

"Waharibu," alisema Alcide. "Waharibu kabisa, wanangu."

*

Majani yalianguka, na hawakuitwa. Coralie alisema fundi wa madirisha amechelewa, kisha akasema ukaguzi, kisha akasema baada ya mkutano mkuu, ambapo mameya wa miji yote saba wangekuja kutia saini.

Alcide alifariki asubuhi ya siku mbili kabla ya mkutano huo, saa ya kahawa. Alikuwa ameomba sukari zaidi. Marcelline akageuka kuchukua kopo, na aliporudi kikombe kilikuwa kimeinama kwenye paja lake na kahawa inamwagikia soksi, naye hasogezi mguu. Hapo akajua. Alichukua kitambaa akamfuta soksi kwanza. Kisha akamfumba macho, akapiga magoti kwenye zulia la watu, akasali sala ya kuwaombea marehemu tangu mwanzo mpaka mwisho, pole pole, bila kuruka neno. Ndipo akampigia simu binti yao Nadège.

Nadège alikuja na sare yake ya dukani, jina limebandikwa kifuani. Alilia, akamkumbatia baba yake, kisha akaanza kupanga mambo, kwa sababu alikuwa mtoto wa kupanga.

"Nimezungumza na manispaa. Kuna chumba cha marehemu pale nyuma ya makaburi, kizuri, kina viti na maua. Watakuja kumchukua mchana."

"Baba yako anakwenda nyumbani," alisema Marcelline.

"Mama, nyumbani ndiyo hapa."

"Hapa ni ghorofani."

"Mama, tafadhali. Ile nyumba ni ya maonyesho sasa! Keshokutwa kuna mameya. Utatutia aibu, na fleti hii tuliyonayo ni yao, wakikasirika..."

"Wakikasirika watafanya nini? Watamuua?"

Nadège hakuwahi kumsikia mama yake akijibu hivyo.

Odile alikuwa ameshafika, anapumua kama mvukuto baada ya ngazi, kwa kuwa lifti hakuiamini. Alimbusu marehemu kwenye paji la uso, akakaa kitandani.

"Ghislain wa mazishi atakuja na gari lake," alisema. "Huyo kijana mimi ndiye niliyemnyonyesha, mama yake alipougua. Hawezi kunikatalia."

"Shangazi Odile, usimtie moyo!"

"Mtoto wee, mimi simtii moyo. Moyo anao wa kwake. Nenda kamtafutie baba yako shati jeupe."

Ghislain wa mazishi alikuja na msaidizi wake na machela. Machela haikuingia kwenye lifti ikilala. Ikabidi kumfunga Alcide kwa mikanda na kumsimamisha wima, na Marcelline akaingia naye, amemshika mkono, wote wawili wakitazama mlango wa chuma kama watu wanaokwenda sokoni. Alishushwa kama friji bovu. Sehemu ile ya ahadi ilikuwa imekwisha kuvunjika, na Marcelline akauma meno.

*

Waliingia kwa uani. Ghislain alitaka kupita mbele, karibu na gari, lakini Marcelline alimzuia. "Yu hai au amekufa, anaingia nyuma. Kutoka ndiyo mbele."

Basi Alcide akapita nyuma, kwenye matope, pale palipokuwa na banda la njiwa, kama alivyopita kila siku akitoka shimoni.

Wakamlaza mahali pale pale, chini ya dirisha la mbele. Lakini ukuta haukuwepo. Alilala akitazamana na jiko jipya la kioo na rafu za vikombe. Odile akakimbia kwake, akarudi na mashuka mawili na vibanio vya nguo, wakafunga kamba toka ndoano hadi ndoano, wakapata ukuta wa kitambaa. Kioo cha kujitazamia kikafunikwa, kama ilivyo desturi ya msiba. Saa ingesimamishwa, lakini saa haikuwepo; palikuwa na skrini ndogo ukutani inayohesabu joto na umeme, namba zikipanda na kushuka. Marcelline akaining'inizia taulo.

"Palivyo na joto humu!" Odile alijifuta shingo.

"Ndiyo shida," alisema Ghislain. "Inatakiwa baridi. Zima hiyo mashine ya joto."

Hakuna aliyejua kuizima. Walibonyeza, walizungusha, walichungulia chini ya sinki. Madirisha hayakufunguka, maana nyumba ile ilivuta hewa yake yenyewe kwa namna yake yenyewe. Sakafu nzima ilikuwa vuguvugu kama mkate. Marcelline alivua viatu akasimama juu yake. Miaka yote ile aliomba joto kama hili kwa ajili ya kifua cha mtu huyu, magazeti kwenye nyufa, matofali ya moto kitandani. Sasa lilikuwa limekuja, na Ghislain anahangaika kutafuta barafu.

Aliweka meza ndogo, juu yake kibakuli cha maji ya baraka na tawi la mti wa kijani alilolihifadhi tangu Jumapili ya Matawi. Majirani wakaanza kuja mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma, kofia mkononi, wakichovya tawi na kumnyunyizia, kisha wakipita upande wa pili wa shuka kunywa kahawa. Hakuna aliyealikwa, na hakuna aliyekosa.

*

Coralie alifika siku ya mkutano kabla ya wageni wake. Alifungua mlango wa mbele kwa ufunguo wake, akaingia akiwa na maua na bendera ndogo saba, akakuta mishumaa.

Maua hayakuanguka, ila bendera mbili zilianguka.

"Mama Marcelline... Mungu wangu. Pole. Pole sana. Lakini... lini? Mbona hukunipigia?"

"Ningekupigia ungesemaje, binti?"

Coralie aliinama kuokota zile bendera. "Wako njiani. Mameya saba, mama. Wamepanga mwaka mzima. Labda tungemhamisha, kwa heshima zote, kwa saa mbili tu, halafu..."

Upande wa pili wa shuka vikombe vikaacha kugongana.

"Jaribu," alisema Odile akitokeza kichwa, na kisu cha keki mkononi. "Shika miguu, mimi nitashika kichwa. Chako."

"Odile," alisema Marcelline. Kisha kwa msichana, taratibu: "Uliniuliza tunakitumia kufanyia nini chumba hiki, nami sikukujibu sawasawa. Kosa ni langu. Basi tazama. Hivi ndivyo tunavyokitumia."

Coralie alitazama. Machozi yakamtoka, nayo yalikuwa ya kweli, lakini basi la wageni lilikuwa limeshasimama nje.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wakaja. Waliingia wanazungumza, wakanyamaza kutoka mbele kwenda nyuma, kama taa zinavyozimwa. Bwana mmoja mrefu alimnong'oneza mkalimani, na mkalimani, ambaye sauti yake ilizoea kusikika, akauliza: "Anataka kujua kama hii ni sehemu ya maonyesho."

Nadège, aliyekuwa amesimama mlango wa nyuma akiona aibu tangu asubuhi, akapita katikati yao wote na sare yake ya dukani, akaja kusimama kando ya mama yake.

Ndipo mzee mmoja mnene, meya wa mji wa makaa kule Silesia, Poland, alipovua koti akampa mtu alishike. Alisogea. Mikono yake ilikuwa na yale madoa ya buluu chini ya ngozi, makaa yaliyoingia kwenye jeraha na kufungiwa humo. Bila kufundishwa akachukua lile tawi, akalichovya, akamnyunyizia Alcide kwa ishara ya msalaba, akapiga magoti kwa shida. Alipoinuka alimshika Marcelline mikono miwili, akasema maneno ya kwao. Mkalimani alitaka kutafsiri, Marcelline akatikisa kichwa kwamba haina haja. Akampa kahawa. Mzee akainywa akiwa amesimama, yote.

Wengine wakasukumwa kwa adabu upande wa jikoni, nyuma ya shuka. Hapo meya wa mji wao akatoa hotuba kwa sauti ya chini kwa heshima ya marehemu, na shuka halizuii sauti. Alisema tukio hili limewagusa wote. Alisema uhai wa mtaa ni watu wake. Alisema pia ana furaha kutangaza kwamba miji yote saba imekubaliana leo kuifanya nyumba hii shule ya kudumu, ili vizazi vya mafundi na wapangaji miji waje kujifunza humu. Na kwamba familia, ambayo imejitolea sana, itabaki kwenye fleti yake ya kisasa bila kusumbuliwa tena.

Watu walipiga makofi kidogo, kwa ncha za vidole.

Nadège alimgeukia mama yake. "Mama. Umesikia?"

Marcelline alikuwa anaipanga rozari vizuri kwenye vidole vya Alcide, maana ilikuwa imeteleza. "Nimesikia," alisema. "Usiseme kwa sauti. Baba yako hajui."

*

Alcide alitoka kesho yake kwa mlango wa mbele. Ghislain na majirani watatu walimbeba, na kizingiti kilikuwa kile kile cha zamani, jiwe lililokwaruzwa na majeneza ya wazazi wake. Njiwa walikuwa juu ya sola. Hawakuruka.

Baada ya Misa na makaburi Marcelline alirudi peke yake kuosha vikombe. Alizunguka uani. Alikunja mashuka ya Odile, akatoa taulo kwenye skrini, na namba zikaonekana tena, zikipanda na kushuka. Alipokausha kikombe cha mwisho Coralie aliingia, amevaa nyeusi.

"Mimi sikujua, mama. Kuhusu tangazo. Naapa kwa Mungu, niliambiwa siku hiyo hiyo."

"Usiape, binti. Nakuamini."

"Nimewaambia wakuweke wewe. Kama mwenyeji wa kudumu. Kwa mshahara, si kama zamani. Wageni wanakupenda, kila mji umeandika hivyo. Utakuwa hapa kila siku, ni kama... ni kama umerudi kwako." Alikuwa anasema haraka, kama mtu anayetaka kulipa kitu kabla duka halijafungwa. "Angalau ufikirie."

"Nimefikiria."

Marcelline alifungua aproni ya mistari. Katika mfuko akaikuta ile yuro mbili, ambayo alikuwa amesahau kuipeleka kwa maskini. Akaitoa, aproni akaikunja mara nne na kuiweka mezani, na juu yake ufunguo.

Nje uani Odile alikuwa anamngoja na mwavuli, maana mvua ilikuwa imeanza. Alimwona rafiki yake kupitia kioo kikubwa cha jikoni akivaa koti.

"Marcelline! Njoo huku, shoga, nina mwavuli!"

Marcelline alimpungia mkono kumwonyesha amesikia. Kisha akageuka, akapita chini ya dirisha pale alipolala mumewe, akaushika mlango wa mbele ambao aliupita siku moja tu maishani mwake, akiwa na shela, akiingia.

"Mama, huo...?" Coralie aliuliza nyuma yake. "Si unapitaga uani?"

"Wanaorudi ndio wanaopita uani," alisema Marcelline, akafungua, akatoka kwenye mvua.